Majani Yanapopukutika



Dirishani mwa chumba changu hapa Isikizya pana chungu chenye waridi la jangwa. Mama mmoja wa jumuiya alinipa zawadi, likiwa limepogolewa kwa mtindo wa bonsai, ile sanaa ya Wajapani ya kukuza mti ukabaki mdogo chunguni. Shina lake limevimba kama kibuyu, na maua yake ni ya rangi ya waridi. Mmea huu si mgeni kwetu: asili yake ni maeneo makavu ya Afrika, Tanzania ikiwemo, na Bara Arabu. Jina lake la kisayansi, Adenium, latokana na Aden, mji wa Yemeni.

Mwezi Juni, usiku wa Tabora ulipoanza kuwa na baridi, majani yakapukutika. Nikadhani ni kiu. Kila asubuhi baada ya Misa nikamwagilia, na jioni nikarudia. Baada ya wiki tatu nikalibonyeza shina, kidole kikazama.

Kumbe mmea huu huweka akiba ya maji shinani, na wakati wa baridi na ukavu hupumzika. Ukiwa hauna majani hunywa kidogo sana. Maji ya ziada huozesha mizizi. Nikaung'oa, nikakata palipooza kwa kisu safi, mikono nimeivika glavu, maana utomvu wake una sumu ambayo wawindaji walipaka mishale. Nikauacha kivulini wiki mbili jeraha likauke, kisha nikaupanda katika mchanga wa mtoni, kokoto na udongo kidogo, chungu kikiwa na matundu chini.

Katika wiki hizo nilimkumbuka ndugu mmoja aliyefiwa na mkewe. Alipoacha kuja kanisani, nilimwandama kwa ziara, simu na zamu za kusoma masomo. Nia yangu ilikuwa njema, lakini niseme kweli: kimya chake kilinitisha mimi. Siku moja akaniomba, kwa adabu, nisiende tena.

Chungu kile sikukitupa uani nikakisahau. Kilibaki dirishani penye jua, nami nikakitazama kila siku. Vivyo hivyo nikaanza kumtaja ndugu yule katika kila Misa, bila kumbishia hodi.

Septemba, miombo yetu ilipochipua kabla ya tone la kwanza la mvua, waridi nalo likatoa majani mawili. Ndugu yule bado hajarudi kanisani. Lakini Jumamosi iliyopita alinipigia simu: "Baba Paroko, ukipita huku, karibu tunywe uji." Nilikwenda. Hatukuzungumza mengi, wala sikumuuliza atarudi lini.

Wapendwa, wapo kati yetu waliopukutika majani. Tusiwaache, lakini kabla ya kumwaga maji, tuguse kwanza udongo.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu