Kisu cha Mjerumani na jiwe lisilo na mwaka

Ndani ya kabati la ofisi ya msikiti wetu, pembezoni mwa mji wa Sengerema, vimo vitu vitatu tunavyovifungia kwa kufuli: daftari la michango, hati ya kiwanja, na kisu cha kukunja kilichoviringishwa katika kitambaa cheupe. Daftari hukaguliwa kila mwezi. Hati ilikaguliwa mara moja, viwanja vilipopimwa. Kisu hakikuwahi kukaguliwa na yeyote, kwa kuwa kila mtu alidhani anazijua habari zake.

Habari zenyewe ni hizi. Marehemu mzee aliyetoa kiwanja cha msikiti alikuwa mpagazi wa Wajerumani ujanani mwake. Afisa mmoja akamtunukia kisu, naye akakitumia kumchinja mbuzi wa karamu siku ulipofunguliwa msikiti wa kwanza, wa miti na nyasi. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916. Basi, walisema wazee, kisu ni cha kabla ya hapo, na msikiti nao ni wa kabla ya hapo. Mpini wake wa mti umepambwa kwa mwezi mwandamo na nyota za madini meupe, na pambo hilo likaizidishia hadithi nguvu. Dola ya Uthmaniya iliingia vitani upande wa Ujerumani mwaka 1914, na jihadi ikatangazwa kutoka Istanbul. Ikasemwa kwamba Wajerumani waligawa visu vya mwezi na nyota ili kuwavuta Waislamu wa nchi hizi. Hatuna budi kukiri kuwa maneno haya ya mwisho hayakutoka kwa wazee. Yalitoka kwetu sisi, katibu wa kamati. Tuliyasema kwa kipaza sauti usiku wa Maulidi, na watu wakaitikia kwa takbiri.

Yangebaki kuwa maneno ya usiku wa Maulidi lau si jiwe. Msikiti mpya wa matofali ulipokaribia kukamilika, mfadhili mmoja alitoa jiwe la marumaru la kuwekwa mlangoni, nalo lilihitaji mwaka. Ukoo wa marehemu ukataka uandikwe 1912. Ukoo wa mwalimu wa kwanza wa madrasa ukapinga, ukisema baba yao alifika zama za Mwingereza na hakukuta msikiti wowote. Maneno yakawa makali. Ramadhani ilipokwisha, wazee wa ukoo ule wa pili walikuwa wameshahamia msikiti mwingine, na watoto wao kumi na mmoja wakaacha kuja madrasa. Ndipo kamati ilipoamua kisu kipelekwe Mwanza kwa mtu anayevijua visu, na kwamba kila upande utoe shahidi. Tukawa wanne: imamu wetu, sisi, kijana ambaye ni mjukuu wa marehemu, na mzee mmoja mtoto wa yule mwalimu.

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Garini hakuna aliyezungumza na mwenzake mpaka Busisi. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanaujua msongamano wa kivuko cha pale: wagonjwa waliosubiri usiku, maharusi waliochelewa ndoa zao, majeneza yaliyopangwa foleni pamoja na magunia ya dagaa. Leo lipo daraja la kilomita 3, lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, na Ghuba ya Mwanza huvukwa kwa dakika chache. Tulipofika katikati yake, mzee akayatazama maji na kusema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, “Hapa mitumbwi imemeza mali nyingi.” Kijana akamjibu kuwa hata babu yake alikuwa akisema hivyo. Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miezi kadhaa, na sisi tukajifanya hatukuyasikia.

Baadaye kidogo mzee alizusha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Kwa nini watu wa Uzinza wakithamini hivyo kisu cha Mzungu? Warongo walikuwa wakiyeyusha chuma upande huu wa ziwa kabla Mjerumani hajafika, na majembe yao yaliuzwa mpaka Usukumani. Imamu akasema labda ni kwa sababu kisu cha Mrongo hakikunjiki. Tulicheka sote, hata mzee.

Makoroboi ni mtaa wa katikati ya jiji la Mwanza, ulio chini ya mawe makubwa, uliopata jina kwa koroboi zinazofuliwa hapo kutokana na mabati na makopo makuukuu. Kelele za nyundo hazikomi. Fundi tuliyeelekezwa kwake ni mzee anayenoa visu na mikasi, na ndani ya sanduku lake ameweka vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kijana alipoanza kumsimulia habari za mpagazi na afisa, fundi alimwinulia mkono kwa upole. Habari atazisikia baadaye. Kwanza akitazame kisu kikiwa peke yake.

Hapo tuliona aibu kidogo. Chuoni tulifundishwa kwamba wanazuoni wa hadithi huuliza nani kapokea kwa nani kabla ya kulikubali neno, hata likiwa neno zuri namna gani. Elimu hiyo tuliitumia kwa vitabu, tukaisahau kwa kisu cha kabatini mwetu.

Fundi hakugusa msasa. Alisema msasa ndio unaoviua visu vya zamani, kwa kuwa hung'arisha bapa na kufuta maandishi. Alidondosha mafuta ya taa penye shina la bapa, pale linapoingia mpinini, akakiacha kisu kilale. Wakati tukisubiri, alitutolea visu vya sandukuni mwake. Kimoja kilikuwa cha jeshi la Waingereza, kizito, chenye sindano nene ya kufumulia kamba. Juu yake palichorwa mshale mpana, alama ya mali ya serikali yao, na chini yake mwaka 1943. Kisu kama hicho, alisema, hakihitaji mtaalamu. Kingine kilitoka Sheffield, kiwanda cha Joseph Rodgers, chenye nyota na msalaba pembeni ya jina. Kiwanda hicho kiliruhusiwa kuweka herufi za mtawala: V na R ni za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, E na R ni za mwanawe Edward, mpaka 1910, G na R ni za akina George waliofuata. Anayejua herufi mbili amejua zama.

Kisha akatufundisha kutazama chuma chenyewe. Chuma cha kale hushika kutu na kugeuka cheusi kwa ndimu na vitunguu. Kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913 kwa mkono wa Harry Brearley, nacho kilichukua miaka kuenea katika visu vya watu wa kawaida. Kwa hiyo bapa lililopigwa chapa ya neno hilo, kwa Kiingereza au kwa Kijerumani, haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Jina la nchi nalo lina historia yake. Sheria ya Uingereza ya 1887 ilitaka bidhaa za kigeni zitaje zilikotoka, na ya Marekani ya 1890 ikataka vivyo hivyo, ndiyo maana visu vingi vya kabla ya miaka hiyo hutaja mji au kiwanda tu. Tulikuwa tukiandika haraka haraka kama wanafunzi.

Hatimaye akakigeukia chetu. Alikifungua taratibu, na ile pete ya chuma mgongoni ikalia juu ya meno yake kama kawaida. Kabla ya kusafisha chochote alisema jina lake: Okapi. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, huko Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa ndio kwanza wamemtangaza mwaka 1901. Kijana akatabasamu: 1902 ni kabla ya 1912. Kuhusu mwezi na nyota, fundi alisema ni pambo la biashara, na kwamba amenoa visu vya aina hiyo vya wavuvi, wachimba dhahabu wa Geita na wakulima wa kila dini. Hatukuinua macho.

Akachukua kijiti cha mwanzi, akakwangua uchafu uliolainika. Herufi za mwisho zilitangulia kuonekana, nazo zilitaja Ujerumani. Kijana akatabasamu tena. Fundi akafuta kwa kitambaa, akaweka kioo cha kukuzia, kisha akatuachia tusome kwa zamu. Kabla ya jina la nchi palikuwa na neno jingine, dogo, lililokaribia kufutika: Magharibi.

Ujerumani Magharibi ilizaliwa mwaka 1949 na ikaacha kutajwa hivyo nchi ile ilipoungana mwaka 1990. Visu vya Okapi vyenyewe vilihamia Afrika Kusini mwaka 1988. Kwa hiyo kisu chetu, kilichofunguliwa kwa takbiri usiku ule wa Maulidi, kilitoka kiwandani zaidi ya miaka 30 baada ya Mjerumani kuondoka Mwanza.

Kijana alikaa kimya. Kisha akauliza, “Kwa hiyo babu alisema uongo?”

“Kisu hakikusema habari za babu yako, mjukuu wangu,” fundi alimjibu. “Kimesema habari zake chenyewe.” Hakutaka malipo ila ya mafuta.

Tulirudi kwa kivuko cha Kamanga, kwa kuwa gati lake liko karibu na Makoroboi na hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika. Kivuko kilipoondoka tulilitazama Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini. Halina maandishi, nalo lina jina la kansela wa Kijerumani ambaye hakupata kuliona.

Imamu ndiye aliyeshauri tupite kwanza kwa bibi, binti wa marehemu, anayeishi nyuma ya msikiti, na ambaye umri wake unakaribia miaka 90. Tulimwamkia, tukaketi mkekani, kijana akamwekea kisu mapajani. Bibi alikigeuza mara moja tu.

“Hiki baba alikinunua Mwanza, msimu wa pamba. Mimi nilikuwa na mtoto wa pili mgongoni.”

“Na kile cha Mjerumani, bibi?”

“Kile kilizama Busisi, mtumbwi ulipopinduka. Baba alikililia kuliko pamba yake. Mwalimu alipiga mbizi mara tatu kukitafuta.” Akamwelekezea kidole yule mzee tuliyefuatana naye. “Baba yako wewe.”

Mzee akasema alipata kuisikia habari ya mtumbwi huo kwa baba yake, ila hakujua kilichokuwa kikitafutwa. Tukamuuliza bibi kwa nini hakutuambia miaka yote hii.

“Mlikuja kuniuliza lini?”

Hatukuwa na jibu. Ofisi ya kamati na mlango wa bibi vimetenganishwa na ua wa mabua.

Kuhusu mwaka wa msikiti, bibi hakuwa amezaliwa, na hakutaka kukisia. Ijumaa iliyofuata tulisimama baada ya swala na kuyaondoa maneno yetu ya Maulidi, kwa kipaza sauti kile kile. Jiwe limewekwa mlangoni likiwa na jina la msikiti peke yake, na nafasi ya mwaka imeachwa. Katika wale watoto kumi na mmoja, wanne wamerejea madrasa hadi tunapoandika.

Kisu hakipo tena kabatini. Bibi alikiomba, akisema ni cha baba yake na kwamba kisu hakifungwi kwa kufuli. Jumamosi tulipopita tulimkuta amekifungua, pete inalia, akiwamenyea vitukuu miwa.