Baruti niliyomnunulia mjomba

Juma hili baba mmoja alinifuata nje ya kambi. Kwao alikuwa mwindaji. Sasa kuna mtu anamuuzia kopo la baruti, kapsuli chache na maganda ya kartushi za kalibre 12 yaliyokwisha kupigwa, vyote kwa bei ya chini. Akaniuliza: «Mwandishi, wewe umesoma. Ninunue?»

Nilimwambia asinunue. Lakini sikumwambia sababu yote. Leo naiandika hapa.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 17, nasoma Goma. Mjomba wangu, mwindaji wa Walikale, alinituma nimnunulie kopo la baruti jipya, lililofungwa. Kama wawindaji wengi wa kule, alizoea kujaza maganda mwenyewe, kwa sababu kartushi mpya ni ghali. Nilikuta mtu anauza kopo lililokwisha kufunguliwa, kwa nusu ya bei. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, tarehe hakuna. Alisema ni ya mwaka uliopita. Nilipofungua, harufu kali kama ya siki ilinipiga puani. Nikafunga, nikalipa. Kwa franka zilizobaki nilijinunulia redio ndogo.

Siku ya tatu baada ya kufika kwake, bunduki ilipasuka karibu na shavu lake. Alipoteza vidole vitatu na jicho moja. Tulimbeba kwa kipoyi tangu asubuhi mpaka jioni kufika kituo cha afya. Redio ilikuwa mfukoni mwangu njia nzima.

Miaka ilipita. Nikiwa mwandishi, nilifuata mafunzo ya wategua mabomu, na hapo nikaelewa. Baruti inazeeka. Joto na unyevu vinaiharibu. Harufu ya asidi, moshi wa rangi ya kahawia na kutu ndani ya kopo ni dalili kwamba imeoza, na baruti iliyooza inaweza kuwaka yenyewe. Lakini hata isiyonuka si salama: baruti za aina mbalimbali zinafanana kwa macho, na ile inayowaka haraka ikiwekwa mahali pa ile inayowaka polepole, mtutu unapasuka. Kapsuli kuukuu nazo zinaweza kulipuka kwa kugongwa au kwa joto. Kopo likipita mikono mitano, hakuna anayejua lina nini ndani.

Tena kuna sheria. Kwa sheria ya Septemba 1985, kuwa na silaha na risasi katika nchi yetu kunahitaji ruhusa ya serikali. Ukikamatwa na kopo hilo kambini wakati huu wa vita, nani ataamini kwamba ulitaka kuwinda tu?

Kwa hiyo, wazazi, naomba hivi. Ukikuta baruti, kapsuli au risasi kuukuu, usifungue, usitupe motoni, usitupe chooni, usizike. Iache pale ilipo, zuia watoto wasisogee, mwambie kiongozi wa kambi awaite wategua mabomu. Watoto wanaookota maganda ya shaba ili wayauze kwa kilo, waambieni kwamba ndani ya rundo hilo risasi moja nzima inatosha kuleta msiba.

Yule baba alinisikiliza, kisha akaniuliza: «Na watoto wangu watakula nini?» Sikuwa na jibu. Chakula cha msaada hakitoshi, na shamba lake liko nyuma ya mstari wa vita. Najua ni rahisi kwangu kusema «usinunue», mimi niliyekula asubuhi.

Usiku ule nilimpigia mjomba simu. Kwa mara ya kwanza nilimwambia habari ya kopo lililofunguliwa, ya nusu bei na ya redio. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

Kisha akasema: «Mpwa wangu, harufu ile hata mimi niliisikia. Lakini nyama ilikuwa imeisha nyumbani.»