Kitufe cha "Tuma"

Nilimdanganya mzee mmoja wa Mungaa, na uongo wenyewe niliupitisha kwenye kitufe nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Nilikuwa nabuni tovuti ya kuwakutanisha wakulima wa alizeti wa Ikungi na wanunuzi wa Singida mjini. Kabla ya programu kuandikwa, mbunifu hutengeneza mfano: kurasa zinazoonekana kamili, ilhali nyuma yake hamna kitu. Uhai wake ni matukio na vitendo. Tukio ni kidole kugusa kitufe au ukurasa kufunguka. Kitendo ni kile ulichoagiza kifuate. Kazi hiyo naipenda mno. Alichoandika mtu nilikihifadhi kwa muda, kikajitokeza ukurasa wa pili. Basi siku ya majaribio kijijini, mzee alipoandika jina lake, namba ya simu na idadi ya magunia, akagusa "Tuma", alama ya kusubiri ilizunguka kidogo, kisha simu ikamjibu kwa jina: mzigo wako umepokelewa, mnunuzi atakupigia.

Mnunuzi hakuwepo. Namba ya mzee haikwenda popote. Ule mzunguko wa kusubiri niliuweka makusudi, aone kuna kazi inafanyika. Nilikuwa nimemwambia, "Mzee, tunajaribu tovuti tu," nikajihesabu nimeeleza. Macho yangu yalikuwa kwenye kidole chake, na alipokipata kitufe bila kuuliza nilifurahi.

Baadaye lori la mfanyabiashara lilipita kijijini, likabeba alizeti za majirani. Yeye alikataa. Alisema mzigo una mwenyewe, naye hauzi kitu kimoja mara mbili.

Niliporudi nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Yule mnunuzi wako mbona hapigi?" Magunia yalikuwa bado ndani, na mbuzi alishauzwa ili watoto wapate sare.

Wenzangu walinifariji kwamba mzee hakuelewa. Nakataa. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, watu wamezoea kwamba simu ikileta uthibitisho wenye jina na kiasi, jambo limekwisha. Alisoma ukurasa wangu sawasawa kama anavyosoma ujumbe wa pesa, na mimi ndiye niliyeuvika sura hiyo. Wala sikukosa onyo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alichapisha habari za ELIZA, programu iliyowarudishia watu maneno yao wenyewe, akashtuka kuona walivyoiamini. Hayo nilishayasoma kabla sijafika Mungaa.

Kitendo kimoja cha ziada kingetosha: baada ya "Tuma", ukurasa useme kwa herufi kubwa kwamba hakuna kilichotumwa, uza mzigo wako kama kawaida. Nilikifikiria. Nikakiacha, kwa sababu kingekatiza mtiririko, na nilitaka wanaoupima mfano wauone mzuri. Hapo ndipo kosa langu lilipo, wala si katika kusahau.

Mzee nilimtafutia mnunuzi, na pengo la bei nikalifidia mwenyewe, yeye hakunidai. Lakini siku ile ya majaribio simu ilipita mikononi mwa watu wengi, kijiweni na majumbani, na kila aliyegusa "Tuma" alijibiwa vilevile. Mfano ule ulishika jina mpaka ukurasa ufungwe, kisha likafutika. Hao wengine sikuwaandika popote, kwa hiyo nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuwauliza.