Hatua ya Sita

Njia ya hatua saba ya kushirikishana Injili inajulikana na karibu kila Mkatoliki wa Tanzania aliyewahi kukalia kiti cha plastiki uani kwa jirani Jumamosi asubuhi. Tunamkaribisha Bwana. Tunasoma. Tunachagua neno lililotugusa na kulirudia. Tunakaa kimya. Tunashirikishana tulichokisikia moyoni. Tunajadili kazi ambayo jumuiya yetu inaitwa kuifanya. Tunasali. Njia hiyo iliandaliwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, ikasambaa hadi kwenye vigango ambako jina la Lumko halijapata kusikika.

Hatua tano za kwanza hazitusumbui. Somo lina msomaji wake, kimya kina wazee wanaokipenda, na katika kushirikishana wapo wale ambao mwenyekiti hulazimika kuwakumbusha kuwa saa zinakwenda. Tukifika ya sita, mtu mmoja husema, "Basi ndugu zangu, tukaliishe neno hili," na maombi yanaanza. Au hatua nzima humezwa na matangazo: bahasha za ujenzi, zamu ya usafi wa kanisa, michango ya jubilei ya padre. Yote yana maana yake, ila siyo yaliyokusudiwa pale.

Ninapoitafakari njia hii, kinachonifikirisha ni mahali ilipowekwa hatua hiyo. Mtu angetegemea ije mwisho: sali kwanza, kisha ondoka ukafanye kazi. Waliotupa njia hii waliiweka kazi kabla ya maombi, kimya kikiwa kimetangulia. Maana yake hatujamaliza kusali mpaka tumeulizana nani ana njaa, nani ameonewa, na nani kati yetu atakwenda kwake. Anayeomba Bwana awakumbuke wajane, naye hajui jina la mjane hata mmoja, anamrudishia Mungu kazi ambayo pengine Mungu alikuwa amemkabidhi yeye.

Jumuiya hazikuanzishwa ili kurahisisha ukusanyaji wa michango. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walitaka Kanisa lishuke hadi pale watu wanapoishi, ambako majirani wanafahamiana kwa sura na kwa shida. Mwaka 1976 wakazifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Parokia yenye maelfu ya waamini haiwezi kujua nani amelala bila kula. Kaya chache za mtaa mmoja zinaweza.

Na uwezo wa kutenda tunao. Tazama msiba. Habari ikifika jioni, kabla ya usiku wa manane turubai limefungwa, viti vimekuja, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamegawana sufuria na mchele, daftari la rambirambi limefunguliwa, na mtu ametumwa kwa paroko. Hakuna anayeuliza kama kumzika jirani ni dini au ni mambo ya dunia. Wapo wanaojiunga na jumuiya kwa ajili hiyo tu, wasije wakakosa wa kuwazika, nami siwacheki. Tunachokosa ni jicho la kuuona uonevu usiofungiwa turubai.

Katika jumuiya ninayosali, hatua ya sita ilipata uzito pale mama mmoja aliyefiwa na mumewe aliposema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba shemeji zake wanataka funguo za nyumba. Mwanzoni tulifanya tulichozoea: rozari, rambirambi, kilo kadhaa za unga. Kisha mzee mmoja, fundi seremala asiye na cheo chochote, akauliza, "Nani hapa amewahi kufungua mirathi?" Swali hilo liligeuza kikao. Akapatikana mwalimu mstaafu aliyejua kwamba mirathi ya namna ile hufunguliwa mahakama ya mwanzo, na kwamba inatakiwa cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa serikali, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza msimamizi. Akapatikana kijana mwenye nafasi siku za kazi. Tangu hapo yule mama hakwenda mahakamani peke yake.

Haikuwa kazi ya kusisimua. Ilikuwa kazi ya kusubiri, kutoa nakala, kuambiwa karani hayupo, kurudi kesho. Lakini ilinifundisha kwamba mnyonge mara nyingi hashindwi kwa hukumu. Hushindwa kabla ya hukumu, kwa sababu nauli imekwisha, au hajui aende dirisha lipi, au aibu imemrudisha nyumbani. Jirani anayekaa naye kwenye benchi anampokonya mwenye nguvu silaha yake kubwa, ambayo ni uchovu wa mwenzake. Unga tuliompelekea ulikuwa wema, ila unga peke yake ungemshibisha tu huku akiendelea kufukuzwa.

Sadaka humuuliza mwenye shida: unahitaji nini? Haki inaongeza: kwa nini unahitaji, na nani anafaidika na hali yako? Kitabu cha Nehemia, sura ya tano, kinaeleza watu waliokuwa wakilia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa ili kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao walikuwa wakiingia utumwani. Nehemia alikasirika, akakaa na hasira yake akaitafakari, kisha akaitisha mkutano. Aliwakabili wakubwa uso kwa uso, akadai warudishe mashamba na riba siku ile ile, akawaapisha mbele ya makuhani. Wala hakujifanya yuko nje ya jambo lenyewe: alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha.

Nani katika mitaa yetu asiyeielewa sura hiyo? Mikopo tunayoiita kausha damu imeingia hadi vyumba vya watu wanaosali. Mama wa genge anakopa ili aongeze mtaji, marejesho yanaanza kabla nyanya hazijauzwa, anakopa kwingine ili alipe pa kwanza, mwisho wakusanyaji wanabeba godoro na televisheni watoto wakitazama. Jumamosi mama huyo yuko nasi, anaomba baraka katika biashara, na hasemi zaidi. Huenda aliyemkopesha yuko kiti cha tatu kutoka kwake, naye anaomba baraka katika biashara.

Jumuiya haiwezi kuibadili mifumo ya fedha ya nchi, lakini si kweli kwamba haiwezi lolote. Inaweza kulizungumza jambo hili bila kumnyooshea mtu kidole, ili aliye na deni ajue hayuko peke yake. Inaweza kumwekea utaratibu wa kusomewa mkataba na mwenzake anayeelewa hesabu kabla hajatia saini. Inaweza kuuliza kama mkopeshaji ana leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka. Inaweza kuwa na kikoba chenye riba isiyomnyonga mtu. Na yule wa kiti cha tatu anaweza kufanya alichofanya Nehemia, kujitazama yeye kwanza.

Mazungumzo yakifika hapa, hutokea mtu akaonya kwamba tusichanganye dini na siasa. Onyo hilo lina upande wake wa kweli: jumuiya ina watu wa vyama mbalimbali, na anayeigeuza kuwa tawi la chama chake anaivunja. Lakini kumsindikiza mjane mahakamani au kuuliza kwa nini zahanati haina dawa hakuhitaji kadi ya chama. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, ambaye hata wapinzani wake walijua hakuwa mvivu wa Misa, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, halitakuwa na maana kwa maskini hao. Mwaka uliofuata, Sinodi ya Maaskofu huko Roma ikafundisha kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya kuihubiri Injili yenyewe. Sioni namna ya Mkatoliki kuyakwepa hayo kwa kisingizio cha utakatifu.

Swali gumu zaidi linatoka upande wa pili. Kama kazi ni mirathi, mikopo na zahanati, sala ya nini? Si kuna mashirika yenye wanasheria na magari yanayofanya hayo vizuri kuliko sisi? Jibu nimelipata katika maisha ya kijana mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisomea sheria, akawa mmoja wa vijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio waliokuwa wakisali pamoja na kuwahudumia watoto wa mitaani, maibobo kama wanavyoitwa kule, wapate kusoma. Akaajiriwa katika ofisi ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Mwaka 2007 ulifika mchele ulioharibika. Wenye mzigo walitaka aupitishe, wakampa ahadi ya fedha, na shinikizo likazidi. Akakataa. Mapema Julai akatekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, shahidi wa imani, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma.

Hakuuawa altareni, wala hakuulizwa kama anamkana Kristo. Aliulizwa jambo ambalo watumishi wengi wa umma, wafanyabiashara na madereva huulizwa wiki hii hii: apokee kitu kidogo aachie mzigo upite. Baba Mtakatifu Francisko alipowasimulia vijana wa Kinshasa habari zake mwaka 2023 alisisitiza kwamba hakuna ambaye angejua. Floribert angepitisha mzigo, akanufaika, na maisha yakaendelea. Ila yeye aliwaza watu ambao wangekula mchele ule. Watoto aliokaa nao baada ya kazi walikuwa miongoni mwa wale ambao chakula kibovu huwafikia kwanza. Wengine waliona mzigo. Yeye aliona walaji.

Hiyo ndiyo kazi ya sala niliyoanza kuielewa. Mtu anayemtaja Mungu kila siku kuwa Baba yetu anazoeshwa taratibu kuwahesabu ndugu zake, hata wasiokuwepo mbele yake. Siku ya jaribu ikifika, hana muda wa kuanza kuwafikiria. Lazima wawe wameshakaa moyoni. Sheria na kanuni zilimwonyesha Floribert cha kufanya, lakini hazikutosha kumpa ujasiri saa ile ya jaribu. Sala pia humlinda mtenda haki asiharibike. Nimewaona watu waliopigania wanyonge mpaka wakaanza kuwadharau kwa kutoshukuru, au wakaipenda sauti yao kuliko waliyekuwa wakimsemea. Anayepiga magoti anakumbuka kuwa kazi si yake. Nehemia huyo huyo, adui walipotishia kuuvamia ukuta wa Yerusalemu uliokuwa ukijengwa, alisali na watu wake, na papo hapo akaweka walinzi mchana na usiku. Hakuona haja ya kuchagua kimoja.

Kabla ya kwenda mbali, hata hivyo, kuna mahali pa karibu pa kupimia. Jumuiya ikizunguka nyumba kwa nyumba, kila nyumba ina aliyeamka kabla ya wote kufagia ua na kupanga viti. Mara nyingi ni dada wa kazi. Tunaposhirikishana neno, yeye yuko jikoni na birika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na haikumtoa yeye. Waraka wa Yakobo unaonya kwamba ujira uliozuiliwa wa vibarua unapaza sauti hadi kwa Mungu. Kwa hiyo mwenye nyumba anapoomba kwa ajili ya amani duniani, kuna maswali mafupi ya kumuuliza: huyu binti amelipwa mwezi huu? Analala wapi? Jumapili anakwenda Misa au anabaki kuwalinda watoto wa wanaokwenda? Na je, kuna aliyewahi kumwita akae nasi asome?

Ningependekeza jambo dogo kwa viongozi wa jumuiya. Mweka hazina ana daftari la michango, na hulisoma kwa majina bila haya. Katibu naye afungue ukurasa wa hatua ya sita wenye mistari mitatu tu: jambo lenyewe, nani atakwenda, lini. Jumamosi inayofuata usomwe kabla ya jambo jingine. Wiki nyingine utakuwa mtupu, na uandikwe hivyo hivyo kuwa ni mtupu. Wiki nyingine utasema tulikwenda tukashindwa. Tukifanya hivyo, maombi yetu ya mwisho yatapungua maneno. Badala ya kuwaombea wagonjwa wote na maskini wote wa dunia, tutamwombea yule mama mwenye shauri lake Jumanne, pamoja na shemeji zake, na kijana atakayemsindikiza. Na atakayesema "Ee Bwana, twakuomba utusikie" atakuwa anajua vizuri ni nini anachotaka kisikiwe, na yeye mwenyewe atakuwa wapi siku hiyo.