Fungua Ule Mpira

Ole, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Mpwa wangu mpenzi,

  

Nakuandikia kwa jambo nililoliona siku ya khitma nikalinyamazia. Ulipoegesha pikipiki chini ya mwembe, nilipita karibu yake nikienda kutia udhu, nikasikia harufu ya petroli. Nikainama kutazama chini. Ardhi kavu, hapana hata tone. Hapo moyo ulinishtuka kuliko kama ningekuta dimbwi. Nikapitisha mkono chini ya kabureta, nikaukuta ule mpira mwembamba wa kumwagia umekunjwa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Wageni walikuwa wengi na wewe umekaa na wazee, sikutaka kukusemesha mbele za watu. Lakini tangu siku ile silali vizuri.

Najua kwa nini umefanya hivyo. Abiria wanalalamika harufu, suruali inapata madoa, na mafuta unayanunua kwa jasho lako. Ukiona tone linadondoka unaona fedha inadondoka. Siku moja nilikaa nikahesabu: tone moja kila sekunde, kwa usiku wa muda wa saa nane, ni matone 28,800, na hayo hukaribia nusu lita au kuipita. Hasara ni ya kweli, sikatai. Lakini ulichokiziba, mwanangu, sicho kinachovuja.

Unalijua pipa la maji la nyumbani kwenu, lenye boya. Maji yakipanda, boya huinuka na mkono wake hubana mlango wa maji. Kabureta yako ina jambo lile lile. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya boya na kipulizio mwaka 1893, na hizi za kwetu bado zinakwenda kwa hesabu ile. Ndani ya bakuli la chini mna boya dogo. Petroli ikifika kimo chake, boya huinua sindano, sindano huingia kwenye kikalio chake, mafuta hukoma. Injini ikinywa, boya hushuka, mlango hufunguka tena. Sindano ikishindwa kubana, bakuli hufurika, na waliotengeneza waliacha kibomba ili ziada imwagike chini, uione. Sasa wewe umekifunga. Petroli haikuacha kufurika, ila imetafuta njia nyengine, na njia iliyobaki ni kooni mwa kabureta, kuingia kwenye injini.

Nikueleze jambo ambalo hujawahi kuambiwa. Nilikuwa na pikipiki yangu ya CG125, wewe hujazaliwa, nikibeba karafuu mbichi kutoka mashambani. Ikaanza kudondosha vivyo hivyo. Nikachonga kijiti cha mkarafuu, nikauziba mpira. Siku kadhaa nikajiona fundi. Asubuhi moja nikampakia mamako kumpeleka Chake Chake. Hatujafika mbali, injini ikakamata, gurudumu la nyuma likaganda, tukaburuzika barabarani. Lile kovu la kiwiko cha mamako, ulilomuuliza ukiwa mdogo akakwambia aliteleza kisimani, ni la siku hiyo. Alisema hivyo kunisitiri. Fundi alipofungua injini, oili ilitoka nyepesi kama maji ya mchele, inanuka petroli tupu. Kila usiku petroli ilikuwa ikiteremka ndani, inapita pembeni mwa pistoni, inaiharibu oili mpaka ikawa haina utelezi wa kulinda chuma.

Kwa hiyo kabla ya chochote, ukisoma barua hii usiiwashe pikipiki. Fungua ule mpira. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili, ukifute, ukirudishe, ukitazame. Ikiwa oili imepanda juu ya alama, au inanuka petroli, imwage yote utie mpya. Ni kama lita moja tu, na injini ni bei gani? Na ikiwa kiki imekuwa nzito ghafla, haishuki, usiilazimishe kwa mguu, maana silinda huenda imejaa petroli, nayo haishindiliki kama hewa. Zima swichi, vua kofia ya plagi uiweke mbali, fungua plagi, halafu piga kiki polepole mpaka itoke yote.

Baada ya hapo ndipo utafute panapovuja. Wengi hapa hukimbilia kununua kabureta nzima. Mimi huanza kwa kitambaa. Ifute kabureta nje mpaka ikauke, ipake poda ya mtoto kila upande, fungua koki, kaa utazame. Poda italowa palipo na kosa. Pakilowa juu, panapoingia mpira wa mafuta, basi ni mpira umepasuka au klipu imelegea, kazi ya dakika tano. Pakilowa kwenye mzingo wa bakuli, ni oringi imekauka. Pakilowa kwenye skrubu ya kumwagia, ni ile skrubu au mpira wake. Lakini yakitoka kwenye kibomba cha chini, poda nyengine yote kavu, basi ni boya na sindano, na yako nadhani ni hii.

Fanya nje, mchana, injini imepoa. Funga koki, legeza skrubu ya chini, na petroli ya bakuli uikinge kwenye chupa ya kioo. Iache itulie uitazame. Maji yakiwamo yatakaa chini, yamejitenga kama shanga. Kutu nayo italala kama mchanga. Ukiona hivyo, ugonjwa umeanzia kwenye tangi, na sindano mpya haitokusaidia mwezi. Wewe unanunua kwenye machupa ya njiani, na pepo zetu hizi za bahari zinakula tangi kwa ndani. Safisha tangi, weka na kichujio kwenye mpira wa mafuta.

Ukifungua bakuli, toa pini ya boya kwa kuisukuma taratibu, usiipige, nguzo zake zikivunjika kabureta imekwisha. Litikise boya sikioni. Likilia maji ndani, limetoboka, limekuwa zito, haliinuki tena. Kama husikii kitu, litie kwenye maji ya moto, tena moto wenyewe uwe mbali, utazame kama linatoa mapovu. Boya la plastiki usiligandishe kwa gundi, petroli itaila. Nunua jengine.

Sindano ishike kwenye mwanga. Ncha yake iwe laini mzingo mzima. Ukiona imejichora pete, ndiyo hiyo, hata kama pete ni nyembamba kama uzi. Mgongoni ina kipini chenye springi. Kibonyeze, kirudi chenyewe. Na ukienda dukani sema wazi unataka sindano ya boya, maana kabureta ina sindano nyengine ndefu iliyoning'inia kwenye pistoni ya gesi, na muuzaji asiyejali atakupa hiyo.

Kikalio chake ndipo vijana wanapoharibu. Wanakwangua kwa kisu, wengine kwa waya. Ni shaba laini, ukiichuna mara moja haitabana tena milele. Chukua chelewa, ufunge kipande cha kitambaa cha pamba ncha yake, ukilowe petroli kidogo, uzungushe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Chelewa haichuni chuma. Jeti vilevile usizichokoe kwa waya, zipulize.

Ukiisha kupanga boya na sindano mpya, kabla ya kufunga, igeuze kabureta juu chini ili boya liilalie sindano kwa uzito wake, kisha pulizia kwa mdomo pale panapoingilia mafuta. Pumzi isipite. Igeuze sawasawa, pumzi ipite. Hapo umepona. Ukitaka kuhakikisha zaidi, ukisharudisha kila kitu chomeka mpira wa kuonesha, ule unaoona mafuta ndani yake, kwenye kibomba cha kumwagia, uuinue ubavuni mwa bakuli, legeza skrubu ya chini, fungua koki. Mafuta yatapanda ndani ya mpira mpaka kimo kilekile kilichomo ndani, yasimame. Yasiposimama, yakapita ukingo wa bakuli, ule ulimi mdogo wa boya umepinda. Mimi hupenda kukitazama kile kimo kikisimama. Kinanipa utulivu wa ajabu.

Neno jengine ni la nyumbani. Pikipiki unailaza ukumbini kwa kuogopa wezi, watoto wamelala chumba cha pili, na mamako huwasha jiko kabla ya alfajiri. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Pemba. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kwenye matundu ya ukuta, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, huufuata moto ulipo. Nakuomba, mpaka utakapomaliza kazi hii pikipiki ilale nje, ifunge mnyororo kwenye mnazi. Baada ya hapo, koki ifungwe kila usiku, hata kama haivuji. Na uweke ndoo ya mchanga karibu. Maji usiyamwagie petroli inayowaka, itaelea juu yake na kutembea.

Sikukuandikia kukugombeza. Kila asubuhi unapakia wanafunzi wa skuli hapo Wete, na wazazi wao wanakukabidhi bila kuuliza kitu. Nakujua una mkono mzuri wa kazi, tangu ulipokuwa ukinishikia taa hapa uani.

Ndani ya mfuko unaokuja na barua hii mna sindano ya boya, oringi ya bakuli na dhiraa moja ya mpira wa kuonesha, nimevinunua Chake jana. Ijumaa, inshaallah, nitakuja Wete na gari ya asubuhi. Nikute bakuli limefunguliwa na kila kitu kimepangwa juu ya kitambaa cheupe, tutakirudisha pamoja. Mamako nimeshamwambia akusimulie siku ile ya Chake yote, bila kunisitiri. Na ukanda ule wa tyubu usiutupe, nipe mkononi.

Wako akupendaye,
Mjomba wako