Ukifuta jeni, jaribu wapi?

Mwezi jana nilifuta faili moja ya programu ya mishahara. Nikaijaribu kwenye mashine yangu, ikaenda sawa. Mwisho wa mwezi ikagoma! Kumbe faili ile huitwa siku ya kulipa tu.

Nikakumbuka wanaochunguza bakteria wa TB. Jenomu yake ilisomwa yote mwaka 1998: herufi zaidi ya milioni 4.4, jeni kama 4,000. Zipi hawezi kuishi bila hizo? Mwaka 2003 Sassetti, Boyd na Rubin, kule Marekani, walitumia kipande cha DNA kinachojichomeka mahali pengi na kuharibu jeni. Bakteria wengi mno, kila mmoja na jeni yake iliyoharibika. Jeni ambayo walioharibikiwa nayo hawaonekani kati ya waliokua, hiyo ni ya lazima. Walihesabu 614.

Lakini hiyo ilikuwa maabara, kwenye chakula tele. Mwaka huohuo Sassetti na Rubin walijaribu ndani ya panya, wakapata jeni 194 zaidi ambazo bakteria huzihitaji humo tu.

Kwa nini nijali? Binamu yangu alimeza vidonge miezi 6. Kimoja, rifampisini, hukwamisha kimeng'enya kinachosoma jeni za bakteria. Dawa mpya nayo lazima ipige pasipokwepeka, tena ndani ya pafu, si kwenye sahani.

Faili yangu nimeirudisha. Nawe, programu zako unazijaribia wapi?