Njia za Mkato na Kumbukumbu ya Vidole

Yeyote aliyewahi kuandika programu ya tarakilishi anafahamu kuwa kazi hiyo haikai katika faili moja. Mwanafunzi wa isimu anayejiundia kamusi ndogo ya kielektroniki, kwa mfano, huweka vidahizo katika faili ya kwanza, kanuni za kutafuta neno katika ya pili, na majaribio katika ya tatu. Kosa hujitokeza katika majaribio, ilhali chanzo chake kimo katika kanuni. Basi mwanafunzi huyo huwa msafiri wa kwenda na kurudi kutwa kucha. Kila anapoiacha kibodi ili ashike kipanya na kulisaka jina la faili kwa macho, uzi wa fikra huwa hatarini kukatika.

Ndiyo maana vihariri vya programu vikawekewa njia za mkato. Katika Visual Studio Code, Ctrl ikibonyezwa pamoja na P, kisanduku hufunguka, na herufi chache tu za jina la faili zatosha kuifikia. Katika Vim, Ctrl na 6 humrudisha mtu kwenye faili aliyotoka; akibonyeza tena, hurejea alikokuwa, kama aliyeketi kwenye bembea.

Hapo ndipo swali la lugha linapozuka. Katika Emacs, kihariri kilichoanza mwaka wa 1976 katika taasisi ya MIT nchini Marekani, faili nyingine iliyokwisha kufunguliwa huitwa kwa Ctrl na X, kisha B. B hiyo imetokana na neno la Kiingereza, wala haimwambii lolote anayewaza kwa Kiswahili. Je, si haki herufi kama hizo zibadilishwe? Wapo waliothubutu: toleo la Kihispania la Microsoft Word huhifadhi hati kwa Ctrl na G, kwa kuwa kitenzi cha kuhifadhi katika lugha hiyo ni guardar. Kwa mantiki iyo hiyo, Mswahili angedai H ya 'hifadhi' na F ya 'faili'.

Hoja hiyo inavutia, ila historia yaipinga. Mwaka wa 1976, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy aliandika kihariri cha vi akitumia mtambo wa ADM-3A. Kibodi ya mtambo huo haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Joy akazifanya herufi hizo zisogeze kishale kushoto, chini, juu na kulia. ADM-3A imekwisha kuachwa, lakini Vim, mrithi wa vi aliyetolewa na Bram Moolenaar mwaka wa 1991, ingali inazitii herufi zizo hizo. Ajabu ni kwamba L, inayoanza neno la Kiingereza lenye maana ya 'kushoto', humpeleka mtu kulia! Mwingereza naye hana budi kuisahau lugha yake na kuviachia vidole kazi ya kukumbuka.

Kwa hivyo, vidole hujifunza mahali, si maana. Mwanafunzi anayejibadilishia herufi katika tarakilishi yake atastarehe akiwa peke yake. Akiketi mbele ya tarakilishi ya mwenziwe, vidole vyake vitakuwa mabubu. Mazoea yana taabu.

Inayohitaji Kiswahili si herufi bali ni maelezo. Anayefundishwa kwamba Ctrl na 6 ni 'rudi ulikotoka', na kwamba Ctrl na P ni 'ita faili kwa jina', huelewa tendo kwa lugha yake kabla ya kukariri vitufe. Akiisha kuelewa, vidole vitamalizia vyenyewe, naye atabaki na fikra zake, ambazo ndizo zilizokuwa hatarini tangu mwanzo.